Paka jike wa miezi minne: kumfunga kizazi sasa, kusubiri, au kumwacha?

Paka jike akitimiza miezi minne, mwenye nyumba ana uamuzi wa kufanya hata kama hana habari nao. Kuanzia umri huo anaweza kuingia kwenye joto, yaani siku za kutaka dume, na akipandwa anaweza kushika mimba, ingawa kwa macho yetu bado ni mtoto anayekimbiza kamba za viatu. Wengi huchelewa hadi mwezi wa sita au wa nane, wengine zaidi, lakini hakuna atakayekupa taarifa mapema kwamba wa kwako ni wa kuwahi.

Ushauri nao unagongana. Daktari wa mifugo anasema mlete sasa. Jirani anasema mwache azae mara moja atulie. Shangazi anasema ukimfunga kizazi atakuwa mnene, mvivu, na panya watahamia jikoni. Kila mmoja ana jambo la kweli kidogo ndani ya kauli yake, na hilo ndilo linalomkwamisha mtu.

Njia ninazozilinganisha hapa ni tatu. Ya kwanza ni kumfunga kizazi mapema, akiwa na miezi minne au mitano, kabla ya joto la kwanza. Ya pili ni kusubiri: apite joto moja au mawili, au azae mara moja, ndipo afanyiwe operesheni akikaribia mwaka. Ya tatu ni kumwacha kama alivyo, ama kwa kumlinda ndani, ama kwa kupanga azae.

Vipimo ni vitano: tabia zinazoletwa na joto, tabia nyingine za kila siku, afya ya mbele, operesheni yenyewe na uuguzi wake, kisha fedha. Sikuvipa uzito sawa. Tabia nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo inayowakosesha watu usingizi na ndiyo inayozungukwa na maneno mengi.

Jambo moja kwanza, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Operesheni ninayoizungumzia ni ile ya kutoa ovari, mara nyingi pamoja na mji wa mimba. Ovari ndizo zinazotengeneza homoni za joto. Mirija ikikatwa na ovari zikabaki, watoto hutawaona, lakini vilio vya usiku vitaendelea vilevile. Kabla ya kulipa, muulize daktari anatoa nini.

Joto: vilio, kutoroka na mashume mlangoni

Anayeona joto la paka kwa mara ya kwanza hudhani mnyama anaumwa. Analia kwa sauti ndefu na nzito, hasa usiku, sauti ambayo hujawahi kuisikia kwake. Anajigaragaza sakafuni. Anajisugua kwenye miguu ya kila aingiaye, hata mgeni aliyekuwa akimkimbia juzi. Ukimpapasa mgongoni karibu na mkia, anainamisha kifua, anainua makalio na kuupindia mkia pembeni. Wengine hupoteza hamu ya kula kwa siku chache, wengine hukojoa mlangoni au kwenye kochi. Paka hatoki damu kama mbwa, kwa hiyo utatafuta alama sakafuni bila kuiona. Dalili zote ziko kwenye tabia. Ndiyo maana wapo wanaomkimbiza kliniki wakiamini ameteguka mgongo au amekula sumu.

Joto hudumu kama wiki moja. Asipopandwa, anatulia, kisha linarudi baada ya wiki mbili au tatu, pengine mapema zaidi. Hapa mahali unapoishi pana maana kubwa. Mwili wa paka jike hufuata urefu wa mchana: mchana ukifupika, joto linasimama. Paka wa London au Toronto hupata mapumziko kuanzia majira ya vuli hadi siku zianze kurefuka tena baada ya mwaka mpya. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna mapumziko hayo. Nairobi mchana wa Juni na wa Desemba hutofautiana kwa dakika chache tu, na hata Dar es Salaam tofauti haifiki saa moja. Kwa hiyo joto linaweza kuja mwezi wowote na kurudi mwezi unaofuata. Makala nyingi za mtandaoni zinazosema "subiri kidogo, hakuna haraka" zimeandikwa na watu ambao majira ya baridi huwasaidia kusubiri. Ndugu zetu wanaofuga paka Oslo au Minneapolis wanaweza kuzifuata kwa amani zaidi kuliko mkazi wa Mbagala au Likoni.

Ukimfunga mapema, kuna uwezekano mkubwa kwamba hayo yote hutayaona kabisa. Paka aliyetolewa ovari kabla ya joto la kwanza haanzi kulia, hatafuti mwanya wa kutoroka, na mashume wa mtaa hawana linalowaleta dirishani. Wachache sana huwa wameshaanza joto wakiwa na miezi minne. Hao utakuwa umewachelewa kidogo, basi.

Ukisubiri, jiandae kwa joto moja angalau, na mara nyingi kwa zaidi ya moja, kwa sababu watu huahirisha. Katika siku hizo madirisha yafungwe kwelikweli. Wavu wa mbu haumzuii paka mwenye joto. Anaupasua kwa kucha au anausukuma hadi ubanduke. Kupandwa kwenyewe hakuchukui hata dakika moja, na kitendo hicho ndicho kinachochochea mayai yaachiliwe, kwa hiyo hakuna "siku salama" za kuhesabu. Usiku mmoja nje unatosha. Watoto wa uzao mmoja wanaweza hata kuwa na baba tofauti. Baada ya operesheni joto linakoma. Kama alikuwa katikati ya joto, dalili hupungua ndani ya siku chache.

Vipi kuhusu "azae mara moja atulie"? Ni kweli kwamba akiwa na mimba, ambayo huchukua kama wiki tisa, na anaponyonyesha siku za mwanzo, vilio husimama. Hapo ndipo ushauri huo ulipopata nguvu. Lakini utulivu huo ni wa muda. Joto linaweza kurudi wiki chache tu baada ya kuzaa, wakati watoto bado wananyonya, na akapata mimba nyingine juu ya maziwa. Uzao mmoja hauibadilishi tabia yake ya kudumu, na hakuna faida ya kiafya iliyothibitishwa kwamba paka anaipata kwa kuzaa kwanza.

Ukimwacha, utaishi na mzunguko huo kwa miaka, maana paka hafiki umri wa kukoma uzazi kama binadamu. Wapo wanaoendelea kuingia joto wakiwa na miaka kumi. Paka wa ndani asiyepandwa atalia mara kwa mara. Paka anayetoka atazaa mara mbili hadi tatu kwa mwaka. Na tatizo haliishii kwa jike. Mashume wanakuja, wanakojolea mlango na matairi ya gari, wanapigana juu ya bati saa nane za usiku. Vidonda vya kung'atana huoza kwa urahisi, na mate hubeba magonjwa, kichaa cha mbwa kikiwemo. Ukichagua njia hii, chanjo ya kichaa isikose.

Tabia nyingine: panya, mapenzi, woga, makochi

Hofu kubwa huku kwetu ni ya panya. Watu wengi hawafugi paka kwa ajili ya kumbeba. Wanataka stoo ya mahindi ikae salama. Kuwinda hakuendeshwi na ovari. Paka aliyefungwa kizazi anawinda kama kawaida, iwe alifungwa na miezi minne au na mwaka mmoja. Kinachomfanya aache kukimbiza panya ni unene, na unene ni habari nyingine nitakayoifikia. Kwa haki, upande wa kumwacha una pointi moja hapa: mama mwenye watoto huwinda kwa bidii zaidi, kwa sababu anawalisha na kuwafundisha. Ni bidii unayoilipia kwa watoto wanne watano wa kuwatafutia makazi kila baada ya miezi michache.

Uchezaji na ukaribu na watu navyo havipotei. Tabia ya paka kwa binadamu hujengwa mapema mno, kuanzia wiki ya pili hadi ya saba ya maisha, kwa kushikwa na kuzoeshwa. Paka aliyeokotwa gengeni akiwa na miezi mitatu, hajawahi kuguswa na mtu, operesheni haitamgeuza kuwa wa kupakatwa. Vivyo hivyo, aliye mpole hatakuwa mkali kwa sababu amekatwa ovari.

Kuna swali la haki kuhusu kuwahi: je, kumfanyia akiwa mdogo hakumwachii alama ya tabia? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulifuatilia paka zaidi ya 1,600 waliochukuliwa kwenye makazi ya wanyama, ukilinganisha waliofanyiwa kabla ya miezi mitano na nusu na waliofanyiwa baadaye. Waliowahishwa walionekana kuwa na haya zaidi, yaani kuogopa wageni. Kwa upande mwingine, tabia ya kuchachawa kupita kiasi ilipungua kwao, pamoja na pumu na uvimbe wa fizi. Kwa hiyo wanaosema kuwahi hakuna athari yoyote wanapitiliza kidogo, na wanaosema kunaharibu akili ya paka wanapitiliza sana. Kama wa kwako tayari ni mwoga wa kupindukia, hilo la haya unaweza kulipima. Mimi nisingeliacha linizuie, lakini naelewa anayesita.

Mkojo wa kutangaza eneo hupungua sana kwa njia zote mbili za operesheni, ila hauondoki kwa kila paka. Majike wachache, kama asilimia 5 hivi, huendelea kurusha mkojo hata baada ya kufungwa. Mara nyingi chanzo ni msongo: paka mwingine ndani ya nyumba, sanduku la mchanga lisilosafishwa, kuhama nyumba, au ugonjwa wa kibofu. Usiharakishe kumlaumu daktari.

Makochi yatakwaruzwa kama kawaida. Hilo halina uhusiano na kizazi. Mtafutie gogo au kamba ya katani.

Sasa unene. Baada ya operesheni mwili hutumia nguvu pungufu kuliko mwanzo, kwa takriban robo, huku hamu ya chakula ikiongezeka. Shangazi yuko sahihi nusu: ukiendelea kumjazia sahani ileile, atanenepa, na akinenepa atalala zaidi. Punguza chakula kidogo kidogo, mpime kwa mkono kila wiki: mbavu zihisike chini ya ngozi bila kubonyeza. Dagaa na mabaki ya samaki vinafaa kuliko bakuli la ugali na mchuzi, na maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi waliokomaa. Hili linawahusu waliowahishwa na waliocheleweshwa kwa usawa. Ambaye hajafungwa hana shida hii kwa kiwango hicho. Mimba na kunyonyesha hummaliza, na ukimwona mama wa paka wa mtaani aliyebaki mifupa utaelewa.

Afya ya mbele

Hapa umri unaleta tofauti kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 kuhusu saratani ya matiti ya paka uliona kwamba waliofungwa kabla ya miezi 6 walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 91 wakilinganishwa na wasiofungwa. Kabla ya mwaka mmoja, pungufu kwa asilimia 86. Kati ya miezi 13 na 24, asilimia 11 tu. Ukizisoma namba hizo vizuri utaona kwamba kuchelewa mpaka mwezi wa nane si janga. Kuchelewa mpaka baada ya mwaka ndiko kunakopoteza karibu kinga yote. Na saratani hiyo kwa paka ni mbaya: uvimbe mwingi wa matiti yao huwa wa kusambaa.

Ugonjwa wa pili ni usaha kujaa kwenye mji wa mimba. Humpata paka ambaye hajatolewa kizazi, hasa anapozeeka, na usipotibiwa haraka humuua. Kwa aliyefanyiwa operesheni kamili, mapema au baadaye, haupo tena. Kwa aliyeachwa, ni jambo la kuliangalia: paka mzima anayekunywa maji mno, amelegea, pengine anatokwa na uchafu nyuma, apelekwe siku hiyohiyo.

Kumwacha kuna hoja yake ya kiafya: anaepuka nusu kaputi na kisu. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini ipimwe na hatari za uzazi. Paka anayebeba mimba na miezi mitano mwili wake haujamaliza kukua, na kukwama wakati wa kuzaa hutokea.

Operesheni na siku za baada yake

Hatari ya nusu kaputi ipo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kwamba kati ya paka wenye afya, takriban mmoja katika kila 900 hufa ndani ya saa 48 za kulazwa usingizi. Hizo ni kliniki za Uingereza. Kwako itategemea daktari, vifaa, na kama kuna mtu anayemwangalia paka mpaka azinduke. Mwulize amefanya paka wangapi, maana kuna madaktari hodari wa ng'ombe ambao paka humuona kwa nadra.

Mdogo wa miezi minne ana faida ya mafuta machache tumboni, damu kidogo na kupona upesi. Jioni unaweza kumkuta anataka kucheza. Udhaifu wake ni kwamba mwili hupoa haraka na sukari hushuka, hivyo hafungishwi chakula usiku kucha kama mkubwa. Fuata saa ambazo daktari atakupa. Awe amefika angalau kilo moja, amepewa dawa ya minyoo, na hana mafua. Mkubwa zaidi anavumilia baridi vizuri, lakini akiwa kwenye joto au ana mimba mishipa ya kizazi huvimba na kazi ya daktari huwa ngumu. Madaktari wengi watakuambia usubiri joto lipite.

Uuguzi ni uleule kwa wote. Siku ya kwanza anaweza kuyumba, mboni zimepanuka, akafoka kwa kila mtu. Ni dawa hiyo, haijawa tabia mpya. Mweke chumba kimoja chenye giza kidogo. Kama una paka mwingine, usishangae akimfokea mgonjwa kana kwamba hamjui: amerudi na harufu ya kliniki. Watenganishe siku moja mbili, wabadilishie vitambaa vya kulalia, wataelewana. Asiruke wala kutoka nje kwa siku kama kumi, na mshono asiulambe. Akikataa kola, ile koni ya shingoni ya kumzuia kulamba, fulana ya mtoto mchanga iliyotobolewa miguu husaidia.

Mambo mawili ya nyumbani ambayo yameua paka wengi kwa nia njema: usimpe Panadol wala dawa yoyote yenye parasetamo, hata robo ya kidonge, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja, na usimsafishe kidonda kwa Dettol, ambayo ni sumu kwake akiilamba. Kivimbe kidogo kwenye mshono ni kawaida. Usaha, harufu, mshono kuachia au kukataa chakula kwa zaidi ya siku moja, rudi kliniki. Na kama miezi kadhaa baadaye anaanza tena kulia na kuinua makalio, huenda kipande cha ovari kilibaki. Kinaweza kutafutwa na kutolewa.

Fedha

Bei hutofautiana mno kati ya mji na mji, kwa hiyo piga simu sehemu mbili tatu. Kwa mpangilio tu: jike hugharimu zaidi ya dume, na jike mwenye joto au mimba mara nyingi hugharimu zaidi ya asiye nayo. Kusubiri kunakupa muda wa kuweka akiba, ila kunaweza kukuongezea bili. Kumwacha hakuna malipo ya leo. Malipo yake huja kwa mafungu, chakula cha watoto, chanjo zao, na kazi ya kuwatafutia watu wa kuwachukua. Mashirika ya ustawi wa wanyama, KSPCA kule Kenya likiwa mojawapo, hufanya operesheni hizi, na sehemu mbalimbali huwa na kampeni za siku maalumu kwa bei nafuu au bure. Uliza kliniki ya mifugo ya wilaya yako.

Na sindano je?

Wapo wanaouliza kuhusu sindano ya uzazi wa mpango. Ulaya zipo dawa za homoni zilizosajiliwa kwa ajili ya paka, na daktari anaweza kuzitumia kwa muda mfupi na kwa dozi ndogo, kwa mfano kwa mfugaji anayetaka kuahirisha joto. Inapoharibika ni pale mtu anapoomba sindano ya binadamu kutoka duka la dawa na kumchoma paka kwa kukisia. Dawa za kundi hili zinaweza kuvimbisha matiti, kuleta kisukari, usaha kwenye kizazi, na kuongeza hatari ya saratani ileile niliyoitaja. Sikuiweka kama njia ya nne kwa sababu haimalizi jambo, inaahirisha.

Kwa hali yako

Nyumba ya kupanga yenye uani mmoja, mlango unaoachwa wazi mchana kutwa na mashume wasio na hesabu: kuwahi kunakufaa. Hutaweza kumfungia, na majirani hawatavumilia vilio.

Ghorofani, paka hatoki kabisa na hakuna dume ndani: una nafasi ya kusubiri mpaka miezi sita au saba bila kupoteza kitu kikubwa cha kiafya. Utalipa kwa usingizi tu ikiwa joto litakuwahi.

Paka dhaifu, tumbo limejaa minyoo, hajafika kilo moja, au ndiyo kwanza umemwokota: subiri. Mtibu, mlishe, mchanje, kisha panga tarehe. Katika muda huo akae ndani.

Ameshaanza kulia wiki hii: funga madirisha, mvumilie mpaka atulie, na uweke miadi ya wiki inayofuata. Usingoje mwezi, joto litakurudia kabla.

Tayari ana mimba: zungumza na daktari mapema, maana kila wiki inayopita inabadilisha uwezekano. Akizaa, mfungie ndani katika kunyonyesha, kisha afanyiwe watoto wakishaacha ziwa na maziwa yakikauka.

Una ndugu wawili, dume na jike, na fedha za mmoja: kama wote wanakaa ndani, kumhasi dume ni nafuu na kunazuia mimba, lakini jike ataendelea kulia, na dume mwenyewe anaweza kuwa na mbegu kwa wiki kadhaa baada ya kuhasiwa, hivyo watenganishwe. Kama jike anatoka nje, fedha zimwendee yeye. Mashume wa nje hawatakuwa wamehasiwa.

Una sababu ya kweli ya kutaka watoto, mathalani unafuga Sokoke, jamii iliyotokana na paka wa pwani ya Kilifi karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke: kumwacha ni sawa, apite mwaka kwanza, dume achaguliwe, na watakaochukua watoto wajulikane kabla hawajazaliwa. Kusema "watu watawachukua" hakutoshi. Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar paka huishi kwa hisani ya wauza samaki, lakini samaki hawaongezeki kila paka anapozaa.

Unasita kwa ajili ya dini: wanazuoni wa Kiislamu wametofautiana. Wapo wanaokataza kuhasi mnyama bila sababu, na wapo wanaoruhusu pakiwa na maslahi na pasipokuwa na madhara. Muulize unayemwamini, ukimweleza hali halisi ya nyumba yako. Akikuambia umwache, basi kumlinda ndani siku za joto ni kazi yako, tangu joto la kwanza.

Unaishi mahali ambapo daktari wa paka hapatikani, na mji wa karibu ni safari ya siku nzima: usikubali operesheni ya mtu asiyejua nusu kaputi ya paka kwa sababu tu yuko jirani. Mfungie, fuatilia kampeni, na safiri naye mara moja akiwa na kilo za kutosha, ndani ya kikapu chenye kifuniko, asubuhi mapema kabla ya jua. Lala mjini usiku huo kama unaweza, ili daktari amwone asubuhi yake kabla hamjaanza safari ya kurudi.